Nyanya zetu ni ghali, na sababu iko kwenye ndoo

Wiki iliyopita mteja wetu wa siku nyingi alisimama mbele ya mizani akiwa ameshika pakiti mbili za tambi alizonunua kwingine. Akazitazama nyanya, akayatazama majani, kisha akaniuliza: "Kaka, hizi tambi zinalaza watoto wangu watatu wakiwa wameshiba. Hayo majani yako yatamshibisha nani?" Nilicheka, lakini jibu sikuwa nalo. Nimelifikiria tangu siku hiyo, na leo namjibu hapa, yeye na wengine wanaouliza kimoyomoyo.

Nianze kwa kukubali kwamba ana hoja. Ukipima chakula kwa nguvu inayoingia mwilini, mboga haziwezi kushindana. Gramu 100 za nyanya zina kalori zipatazo 18 tu, kwa sababu karibu asilimia 95 ya nyanya ni maji. Sukari ya uzito huohuo ina karibu 400, mafuta ya kupikia karibu 900. Biskuti ni unga, sukari na mafuta, vitu vikavu visivyohitaji ubaridi, vinavyokaa ghalani miezi bila kumsumbua mtu. Sisi tunasafirisha maji yaliyofungwa kwenye ganda laini jekundu, na safari yenyewe ni ya kukimbizana na saa.

Nyuma ya duka letu kuna ndoo. Kila jioni tunamwaga kreti mezani na kuchambua. Nyanya moja ikipasuka chini kabisa inalowesha jirani zake, na usipoiwahi, asubuhi unakuta ukungu mweupe kwenye nne au tano. Majani yaliyofika alfajiri yakiwa yamesimama, saa kumi jioni yamelala kama kitambaa. Vyote vinavyoingia kwenye ndoo tulishavilipia: mkulima kachukua chake, mwenye gari chake, mpakuaji chake. Pesa hiyo haina pa kurudia ila kwenye bei ya kilo zilizobaki. Kwa hiyo ukinunua kilo moja kwetu, unalipia na kipande cha ile iliyooza. Sifurahii kuyasema haya kwa mteja, lakini ndivyo hesabu ilivyo. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa linakadiria kuwa asilimia 13 hivi ya chakula duniani hupotea baada ya mavuno, kabla hakijafika kwa muuza rejareja, na matunda na mboga ni miongoni mwa vinavyopotea zaidi. Pakiti ya biskuti haina ndoo.

Mwaka 2019 watafiti wa Marekani walichapisha jaribio la watu 20, waliokula vyakula vilivyosindikwa sana kiwandani kwa wiki mbili, na vya kawaida visivyosindikwa kwa wiki mbili nyingine, kila mtu akila atakavyo. Kwenye vilivyosindikwa walikula kalori kama 500 zaidi kwa siku, wakaongezeka karibu kilo moja. Gharama nayo ilikadiriwa: kwa kalori 2,000 kwa siku, mahitaji ya kupikia ya wiki nzima yalikuwa dola 106 upande wa vilivyosindikwa, dola 151 upande wa pili. Kwa hiyo anayesema chakula bora ni ghali hajatunga. Lakini kile cha rahisi nacho, kumbe, kinajua kukufanya uongeze sahani.

Ndiyo maana sipendi maneno ya "watu hawajui kula". Mwaka 2022 watu zaidi ya bilioni 2.8 duniani hawakumudu mlo kamili wenye afya. Hao wote si wavivu.

Sasa, sisi tunafanya nini? Bei ya shambani hatuiwezi. Ndoo tunaiweza kidogo. Tumeanza kuweka trei ya "pika leo": nyanya zilizolainika, karoti zilizopinda, kabichi iliyokatwa nusu, kwa bei ya chini. Pia unaweza kununua nyanya mbili badala ya kilo, kwa sababu kilo inayoozea jikoni kwako ni ndoo ileile, imehamia kwako tu.

Na jamani, mikunde. Gramu 100 za maharage makavu zina zaidi ya kalori 300 na protini gramu 20 na ushee, na yanakaa mwaka bila kudai friji. Kinachowakimbiza watu ni moto na muda. Yaloweke usiku kucha, chemsha ya siku kadhaa kwa mkupuo mmoja, gawa kwenye vifuko, gandisha. Tunauza pia yaliyochemshwa tayari, lakini nasema kweli: hapo unalipia gesi yetu. Ukiweza kuchemsha mwenyewe, chemsha.

Kwa yule dada wa tambi: usizitupe. Weka nusu tu ya kile kifuko cha viungo, maana chumvi nyingi imejificha humo, na Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku nzima. Kisha ongeza yai, nyanya moja na konzi ya majani. Majani kweli hayamshibishi mtu, ila sufuria itakuwa nyingine.

Trei inatoka saa kumi jioni. Saa kumi na mbili kwa kawaida imekwisha.