Kabla Hujabomoa Ukuta wa Katikati, Tuzungumze Bimu

Wateja wengi wanaotujia kutoka Kisauni, Majengo na Likoni, hapa Mombasa, huwa na swali moja: "Nikiutoa ukuta huu, nitie bimu gani?" Bimu ni ule mhimili unaolala juu ya uwazi, yaani nafasi iliyoachwa na ukuta, ukabeba kilicho juu yake. Nyumba ni ya mawe ya matumbawe, mwenyewe anataka vyumba viwili vya mbele viwe duka moja, na fundi ameshamwambia nondo nne zatosha. Pengine zatosha kweli. Ila hatuwezi kusema lolote mpaka tujue uwazi utakuwa wa mita ngapi, na ukuta huo umebeba nini: bati peke yake, au slabu yenye ghorofa nzima juu yake.

Tuanze na uwazi, maana ndio unaowadanganya wengi. Bimu ya mita 2 ukiirefusha iwe ya mita 4, na kila mita ikabeba uzito uleule wa awali, nguvu inayoikunja pale katikati huwa mara 4, na kule kubonyea kwake huwa mara 16. Kwa hivyo linta iliyokaa vizuri juu ya mlango kwa miaka 30 haikupi dhamana yoyote ya uwazi wa duka. Waliojenga Mji wa Kale walilizingatia hili: vyumba vyao vingi ni virefu na vyembamba, upana wa mita 2.5 hadi 3 hivi, kwa kuwa hapo ndipo boriti ya mkoko ilipofika ikiwa na dari nzito ya mawe na chokaa juu yake. Siku hizi mteja hupanga chumba kwanza, bimu ikatafutwa baadaye.

Kinachoipa bimu nguvu hasa ni kina chake, yaani kimo kutoka chini hadi juu. Chukua ubao wa inchi 2 kwa 6. Ukiulaza bapa unanesa. Ukiusimamisha kwa ubavu, ugumu wake dhidi ya kunesa ni mara 9, na ubao ni huohuo. Chuma cha umbo la I kimetengenezwa kwa hesabu hiyohiyo: kimejaa juu na chini, chembamba katikati. Mteja anayetuomba tupunguze kimo cha bimu ili dari ionekane juu, tunamwelewa, lakini ajue kimo alichokiokoa atakilipia kwa nondo.

Bimu ya zege ndiyo wengi wanayoijua. Zege huhimili kubanwa, ila likivutwa hupasuka, na nondo zimo kwa ajili ya huko kuvutwa. Bimu iliyokaa juu ya kuta mbili huvutwa upande wa chini, basi nondo kubwa huwa chini. Roshani ni kinyume chake. Inayotokeza nje bila nguzo huvutwa upande wa juu, kwa hivyo nondo zake kuu lazima ziwe juu, tena ziingie ndani ya nyumba vya kutosha. Hapa ndipo tunapokaa na fundi bila kuona haya. Huenda nondo zimefungwa sawasawa asubuhi, kisha wamwaga zege wakazikanyaga mpaka zikalala chini. Zege likishakauka hakuna anayeona. Tunataka ziwekewe vishikizo vya chuma, na mtu mmoja asimame hapo kazi yake kuangalia tu.

Ringi bimu, ile inayozunguka nyumba nzima juu ya kuta, kazi yake kubwa ni kuzifunga kuta pamoja. Usiichukulie kuwa ndiyo itakayobeba slabu juu ya uwazi mpya.

Kwa nyumba iliyokwisha kujengwa, mara nyingi sisi hupendekeza chuma cha I. Hakingoji wiki za kukomaa kama zege. Shida yake iko kwenye ncha, maana mzigo wote unatua mahali padogo, na jiwe la matumbawe laweza kusagika. Kila ncha tunaiwekea kitako cha zege, chuma kikakalia ukutani angalau milimita 150.

Halafu kuna chumvi. Mombasa haijengwi kama Nairobi. Chumvi ya bahari hupenya zege hadi kwenye nondo. Kutu inayofanyika huchukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, ikalisukuma zege mpaka likabanduka. Dalili utaiona chini ya bimu: ufa ulionyooka kufuata nondo, doa la rangi ya hudhurungi, na ukigonga kwa nyundo utasikia sauti ya kitu kilicho tupu ndani. Kupiga plasta juu yake ni kuficha tu. Bimu zilizo nje karibu na bahari tunazipa zege la milimita 40 au zaidi kati ya nondo na hewa, tukitumia vibiskuti vya zege kuinua nondo kutoka kwenye mbao. Mchanga wa ufuoni na maji ya bahari hatugusi, hata kama lori liko mlangoni kwa bei ya kutupa. Chuma cha I nacho huchovywa zinki, au hupakwa rangi ya kuzuia kutu pande zote kabla ya kupandishwa.

Hesabu hufanywa na injinia aliyesajiliwa, na michoro hupitishwa na kaunti. Ukuta hautolewi hata jiwe moja kabla ya vyuma vya kuegemeza kusimamishwa pande zote mbili, na havitolewi kabla ya bimu kukazwa.

Ukitaka bei, tutumie upana wa uwazi unaoutaka, unene wa ukuta, na picha mbili: ya ukuta wenyewe, na ya kilicho juu yake. Kama una mpangaji juu, tuambie pia, tupange siku ambayo hatakuwapo.