Mwanya Mweupe kati ya Picha

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakufikia ukiwa mzima, wewe pamoja na Mama na watoto wote. Mimi sijambo, na kazi zinaendelea vizuri. Katika barua yako iliyopita uliniuliza swali ambalo sikutaka kulijibu kwa mkato: kwa nini mtu mzima kama mimi, mwenye shughuli zake, anazimaliza jioni zake akisoma katuni. Najua hukuuliza kwa dharau, maana wewe ndiye uliyenifundisha kusoma, na kila nilichowahi kukipenda kwenye karatasi kilianzia mkononi mwako. Kwa hiyo nimeona nikujibu kwa kirefu.

Mtu akifungua kitabu cha hadithi za picha huona visanduku vyenye michoro na viputo vyenye maneno, akadhani kwamba hadithi yote imo humo. Nami nilidhani hivyo kwa miaka mingi. Aliyenifumbua macho ni mchoraji wa Marekani, Scott McCloud, katika kitabu chake cha mwaka 1993 ambacho chenyewe kimechorwa kwa mtindo wa katuni tangu mwanzo hadi mwisho. Anaonyesha kwamba sehemu kubwa ya hadithi hutokea katika ule mwanya mweupe unaotenganisha kisanduku na kisanduku. Katika picha ya kwanza mtu ameinua shoka. Katika ya pili tunauona mji usiku, na ukelele umetanda juu ya mapaa. Pigo lenyewe halikuchorwa popote. Aliyelipiga ni msomaji, na kila msomaji alilipiga kwa namna yake. Tangu nilipolielewa jambo hilo, sisomi tena hadithi hizi kwa pupa, kwani najua kwamba nina kazi yangu ndani yake.

Kitabu nilichokirudia mara nyingi kuliko vyote tangu nifike huku hakina sentensi hata moja ya kusomeka. Kinaitwa The Arrival, kilitoka mwaka 2006, na aliyekichora ni Shaun Tan wa Australia, ambaye baba yake alihamia nchi hiyo akitokea Malaysia. Ni kurasa 128 za michoro ya penseli, yenye rangi ya picha za zamani zilizokaa sana ndani ya albamu, na habari yake ni ya mwanamume anayeiacha familia yake akatafute maisha katika nchi ya mbali. Ukurasa wa kwanza una visanduku 9, na karibu vyote vimebeba vitu vya kawaida tu vya nyumbani: ndege wa karatasi, saa, kofia iliyotundikwa, mchoro wa mtoto, birika lenye ufa, sanduku la safari, picha ya familia. Hakuna anayesema kwamba mtu anaondoka, lakini ukivitazama kimoja baada ya kingine, bila haraka, kifua kinaanza kubana kabla hujajua kwa nini. Kisha unafunua na kuikuta mikono ya mume na mke imelaliana juu ya sanduku lililokwisha kufungwa.

Safari yake ya baharini imeonyeshwa kwa kurasa mbili zilizojaa visanduku vidogo vya mawingu, mawingu matupu, yakibadilika umbo hadi msomaji achoke kama abiria anavyochoka. Na anapofika katika mji mpya, kila bango limeandikwa kwa herufi alizozibuni mchoraji mwenyewe, ambazo hakuna mtu duniani aliyefundishwa kuzisoma. Hapo ndipo kitabu hiki kilinishika. Msimulizi wa maneno angelazimika kunieleza kwamba mgeni yule hakuelewa kitu, nami ningesoma maelezo hayo nikiwa naelewa kila neno. Shaun Tan amenisimamisha mbele ya bango lile lile, nami silijui lasemaje. Katika juma langu la kwanza huku nilipanda treni ya kuelekea upande usio wangu, nikaenda nayo vituo vingi nikiwa na hakika kwamba nimelielewa bango. Sikuwahi kuwaandikia habari hiyo kwa sababu sikujua namna ya kuieleza ikaeleweka. Sasa ninao ukurasa wa kuwaonyesha.

Kitabu kingine ambacho ningependa ukifahamu ni Persepolis cha Marjane Satrapi, kilichotoka Ufaransa kwa sehemu 4 kati ya mwaka 2000 na 2003. Anasimulia utoto wake mjini Tehran, Iran, mapinduzi ya mwaka 1979 na vita vilivyofuata, kwa weusi na weupe mtupu, bila rangi ya kijivu ya kulainisha chochote. Alipofika miaka 14 wazazi wake walimpeleka Vienna ili asalimike. Katika uwanja wa ndege anageuka kuwatazama mara ya mwisho, na ng'ambo ya kioo anamwona mama yake amezimia, baba amembeba mikononi. Sehemu hiyo ya hadithi inaishia papo hapo. Hakuna kisanduku kinachofuata, Dada. Mwanya umeachwa wazi kabisa, na msomaji anabaki nao. Siku niliyoondoka mimi sikugeuka nyuma, na nadhani uliniona. Ukurasa ule siwezi kuusoma mbele ya watu.

Katuni za mtandaoni nazo zimeufanyia mwanya huo mambo ambayo karatasi haiyawezi. Wakorea, tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, walizoea kuzipanga picha katika safu moja ndefu inayoteremka, na simu za kisasa zilipoenea ikawa kana kwamba zimetengenezwa kwa ajili ya hadithi hizo. Hakuna ukurasa wa kufunua, kuna kidole kinachosogeza. Mchoraji akitaka usubiri, huacha weupe mrefu kati ya mlango unaogongwa na uso wa yule anayegonga, na muda wa kusubiri unapimwa na kidole chako mwenyewe. Wengine huijaza nafasi hiyo kwa rangi inayokolea polepole, hata jioni ikawa usiku kabla hujalifikia neno linalofuata. Si zote zilizo nzuri. Nyingi hutolewa kila wiki bila mapumziko, na uchovu wa mchoraji huonekana katika nyuso zinazoanza kufanana.

Ninayemstahi kuliko wote mtandaoni ni Randall Munroe, Mmarekani aliyesomea fizikia, anayechapisha katuni ya mtandaoni iitwayo xkcd tangu mwaka 2005. Watu wake ni vijiti vyenye vichwa vya duara, bila macho wala midomo. Mwezi Machi 2013 aliweka picha moja ya watu wawili wameketi ufukweni. Baada ya nusu saa picha hiyo ikabadilika kidogo, kisha ikabadilika tena. Baadaye akaifanya iwe kila saa, ikaendelea hivyo kwa miezi 4 hadi zikatimia picha 3,099. Wale wawili wanajenga ngome ya mchanga, bahari inapanda, nao wanafunga safari kuitafuta sababu. Kazi hiyo ilipata tuzo ya Hugo, inayotolewa kwa hadithi za kubuni za kisayansi na za ajabu, mwaka 2014. Mwanya wake ulikuwa ni saa nzima ya maisha ya msomaji, ambaye alikwenda kazini, akalala, akaamka, akarudi kutazama kama mtu ameinua mkono. Mimi niliikuta imekwisha kukamilika, picha zikipita mfululizo, na mpaka leo nasikitika kwamba sikuwa miongoni mwa waliongoja.

Nimtaje pia Kate Beaton wa Kanada, ambaye mwaka 2007 alianza kuweka mtandaoni vichekesho vifupi kuhusu historia, na mwaka 2022 akatoa Ducks, kitabu cha zaidi ya kurasa 400 kuhusu miaka alipokiacha kisiwa cha kwao, Cape Breton, akaenda kufanya kazi katika machimbo ya mafuta ya Alberta ili alipe deni la masomo. Hicho ni chako peke yako, si cha watoto, kwa kuwa anaeleza bila kuficha yanayowapata wanawake mahali penye wanaume wengi na upweke mwingi.

Pamoja na barua hii nawatumia nakala ya The Arrival. Nimeichagua kwa ajili ya Mama, kwa sababu uliniandikia kwamba macho yake hayazimudu tena herufi ndogo, na kwamba hapendi kusomewa. Hiki hatahitaji kusomewa. Tafadhali kaa naye mahali penye mwanga, uwaache watoto wafunue kurasa, wala usiwaeleze kitu. Mbele kidogo yule bwana anawaandikia wa nyumbani barua, kisha anaikunja kwa umbo la ndege. Wakifika hapo, muulize Mama barua ile imeandikwa nini, nawe uniandikie atakavyojibu, neno kwa neno.

Nduguyo mdogo akupendaye.