Jamani, sauti ya VR siyo faili moja ya kubandika

Wiki hii tena sisi tunaopanga sauti za VR (ile miwani inayokuingiza kwenye dunia ya kompyuta) tumeletewa ile ile na mteja: "mbona mnatuchaji hela nyingi hivyo na sauti tumewapa wenyewe, kazi yenu si kubandika tu?" Ngoja nieleze maana naona tumeshakuwa wezi.

Video ya kawaida skrini iko palepale, stereo (sauti mbili, ya kushoto na ya kulia) inatosha. Ukivaa miwani ya VR unageuka, kilichokuwa kushoto kinakuwa mbele, na sauti yake inatakiwa ibaki pale kilipo, isikufuate. Sauti ya ubavuni inafika sikio la mbali imechelewa chini ya milisekunde 1, tena imefifia kwa sababu kichwa kimeikinga, na ubongo unatumia hicho hicho kidogo kujua inatoka wapi. Ikitoka mbele kabisa au nyuma kabisa masikio yote mawili yanaipata pamoja, hapo unategemea mikunjo ya sikio na kugeuza kichwa. Programu inapiga hesabu hizo kila ukigeuka, ila lazima kila sauti ije peke yake, mono (mkondo mmoja tu, hauna kushoto wala kulia), kavu, haina mwangwi. Mwangwi tunauweka sisi kulingana na chumba.

Kuna mteja alikuwa na mafunzo ya VR ya usalama ghalani, foklifti inarudi kinyumenyume mgongoni kwako inalia tii tii tii. Kaleta faili moja ya stereo, injini, mafeni, watu, vyote vimeshachanganywa, na tii tii iko sikio la kushoto. Tukamwambia haifai, akaona tunatafuta hela, akampa mtu mwingine akabandika. Siku ya majaribio jamaa kavaa miwani, kasikia mlio kushoto, kageuka kushoto, mlio nao bado uko kushoto, kageuka tena, akazunguka kama pia na foklifti ikampitia. Wakarudi kwetu. Sauti ikishachanganywa ni maji yaliyomwagika, tukarekodi upya moja moja, akawa amelipa mara mbili.

Mwingine alitutukana kabisa eti sauti haizunguki, kumbe anasikiliza kwa spika ya simu. Spika moja! Vaa hedifoni kwanza, halafu ndo utukane. Na angalia L na R, kuna watu wanavaa kinyume.

Muziki na msimulizi ndo vinaweza kubaki stereo, hivyo hatuvichaji kama zile za kupanga mahali.

Juzi tumemaliza siku nzima kwenye mlango mmoja. Ukifungwa, sauti nyembamba za mashine iliyo nyuma yake zinakatika unabaki ule mngurumo mzito tu, ukiufungua kidogo zinaanza kurudi, na zinatokea pale kwenye upenyo siyo ukutani. Mteja alikuwa anaguna, siku nzima kwa mlango? Tukamvalisha. Kaufungua, kaufunga, kaufungua tena kama mara nne hivi hajasema kitu, akavua miwani akauliza invoisi iko wapi.