Barua ya wazi kwa Waziri wa Mifugo na Uvuvi: mbegu ya chanjo ibaki ya umma

Mheshimiwa Waziri,

Salaam kutoka kwa wafugaji wa kuku wa kienyeji wa Singida. Ombi langu ni moja. Wakala wa Maabara ya Veterinari (TVLA) ukitaka kufunga mkataba wa utafiti na kampuni binafsi, kifungu kinachosema mbegu ya chanjo, yaani kirusi mama ambacho chanjo yote huzalishwa kutokana nacho, ni mali ya nani kiwekwe hadharani kabla ya saini.

Nitatoa mfano wa mdondo, ugonjwa wa kuku uitwao pia kideri au Newcastle. Kuku akishaanza kuharisha kijani na kupinda shingo, dawa hakuna. Banda zima huweza kwisha ndani ya siku chache. Kinga yetu ni tone moja la chanjo iitwayo I-2 jichoni, kila baada ya miezi mitatu. Chanjo hii inastahimili joto, ndiyo maana mchanjaji wa kijiji anaweza kuibeba kwa baiskeli, chupa ikiwa imeviringishwa kitambaa kilicholoweshwa maji.

Ilipatikanaje? Profesa Peter Spradbrow na wenzake, Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, walikwishafanyia kazi kirusi kiitwacho V4, lakini hicho kilikuwa kimeshaingia kwenye biashara. ACIAR, taasisi ya serikali ya huko, ikagharimia kitafutwe kirusi kingine cha kugawiwa bure kwa nchi kama yetu. Ndicho I-2, na maabara yetu inaizalisha yenyewe.

Sizipingi kampuni, Mheshimiwa. Serikali haina duka kila kata, na mwenye duka la dawa za mifugo anajua nani anafuga nini kuliko ofisi yoyote. Ila mshahara wa mtafiti ni kodi, jengo ni kodi, sampuli zinatoka kwenye mabanda yetu. Anayekuja na fedha mwishoni asiondoke na vyote. Marekani iliruhusu maabara zake za serikali kuingia mikataba ya namna hii kwa sheria ya 1986, lakini uvumbuzi ukipatikana serikali hubaki na haki ya kuutumia bila kulipia. Na hao ndio wanaotuhubiria soko huria!

Halafu kuna suala la chupa. Mama mwenye kuku kumi anauziwa chupa ya dozi mamia, na ikishafunguliwa haikai. Chupa ndogo haina faida kubwa, kwa hiyo kampuni haitaitengeneza kwa kupenda. Iwe sharti la mkataba.

Je, Wizara iko tayari kuanza na mikataba iliyopo sasa?

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mfugaji, Singida