Kuhusu yale madirisha yako

Rafiki yangu, mambo vipi? Nimesoma kwamba fundi kakwambia madirisha yote ya mbao yang'olewe uweke mapya ya aluminiamu, sasa nakuomba kabla hujatoa hela chukua bisibisi upite dirisha moja moja, uchokonoe mbao ya chini kwenye kona, maana maji yanatuama pale na ndo kuoza kunapoanzia. Bisibisi ikigonga tu bila kuzama, fremu ni nzima, hilo usiling'oe. Ikizama kama kwenye udongo mbichi hapo ndo tuongee, na hata hivyo kama ni kipande cha chini tu, fundi mbao mzuri anakikata anaunga kingine.

Mvua kupenya mara nyingi ni pati imepasuka, ile inayopakwa ikiwa laini kushikilia kioo kwenye fremu. Bandua ya zamani yote, piga praima (rangi ya kwanza ya msingi) kwenye mbao, ndo uweke pati mpya, na kioo kikatwe pungufu milimita 2 hivi kila upande la sivyo mbao ikivimba kinapasuka, afu usipake rangi siku hiyohiyo, ngoja pati ikauke juu kwanza, na rangi ipande kidogo kwenye kioo ili maji yasipate upenyo. Watu wanaharakisha hapo na inaniuma kweli, kazi nzuri inarudiwa bure.

Linalokwama kufunguka mara nyingi ni rangi imejazana tu, piga msasa basi.

Yatakayobidi kubadilishwa mi ningechagua ya bawaba, sababu slaidi (lile la kusukuma pembeni) ya vioo viwili hata uisukume mpaka mwisho nusu ya dirisha bado imezibwa, na chumba cha kulala kinataka hewa, tena na njia ya kutokea moto ukiwaka. Slaidi weka pale bawaba ingegonga wapita njia, na uhakikishe vile vitundu vya kutolea maji kwenye reli ya chini havizibwi na silikoni, mafundi wengine wanaviziba wakidhani wanazuia mvua kumbe ndo maji yanaingia ndani. Kioo cha bafuni au kinachofika karibu na sakafu kiwe tempa, yaani kilichoimarishwa kwa moto, na kile hakikatwi tena kikishatoka kiwandani, kwa hiyo vipimo viwe sahihi: upana juu, kati na chini, kimo nacho sehemu 3, unachukua kipimo kidogo kuliko vyote, afu pima kona kwa kona kwa mshazari, vipimo hivyo viwili vikitofautiana ujue tundu la ukuta limepinda.

Nitumie picha za zile kona za chini kabla hujamjibu fundi.