Barua kwa mwanangu: kabla hujanunua lenzi ndefu

Mwanangu mpendwa,

Salamu zako tumezipata, na sote hapa ni wazima. Ujumbe wako wa juzi, ule uliosema kwamba kabla ya safari umeamua kukopa ili ununue lenzi ya milimita 150 hadi 600, ile ya kuvuta vitu vya mbali, nimeusoma mara tatu, na mara zote nimebaki na swali lile lile: utapiga picha ya nini kwa lenzi hiyo? Siulizi kwa kejeli. Umenieleza kwa kirefu uzito wake, ubora wa vioo vyake na namna wenzako wanavyoisifu, lakini hukunitajia hata kitu kimoja unachotaka kukipiga picha.

Kwa kuwa simu zangu hukuzipokea, nilimwomba mdogo wako afungue picha ulizoziacha kwenye kompyuta ya nyumbani. Kila picha hubeba ndani yake taarifa za urefu wa lenzi uliotumika, jambo ambalo unalijua kuliko mimi, nasi tulikaa jioni mbili tukihesabu kwa penseli. Picha zilikuwa 412. Zaidi ya 300 umezipiga kati ya milimita 24 na 35 za ile lenzi yako ya 18-55, na karibu zote ni za watu walio jirani nawe kiasi cha kuweza kuwagusa: mikono, shingo zilizoinama, mtu anayefunga kamba za viatu. Picha za ndege ni tatu tu, na mmoja wao ni kuku. Nilizitazama kwa fahari ambayo sikuitarajia, hasa nikikumbuka ni nani aliyekuwa akikwambia kwamba kupiga picha za mikono ya watu ni kuharibu filamu, wakati kamera yako haijawahi kutiwa filamu.

Iko moja ambayo sijaacha kuifikiria. Mama yako ameketi dirishani, anatunga uzi kwenye sindano, midomo ameibana. Umeipiga kwenye milimita 55, mahali ambapo lenzi ile haifunguki zaidi ya f/5.6 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu la lenzi ni kubwa), na kwa uhaba wa mwanga kamera ikalazimika kuacha shata, lile pazia lake la ndani, wazi kwa 1/15 ya sekunde. Dirisha limetulia, kiti kimetulia, lakini ncha ya uzi, ambayo ndiyo picha yenyewe, imekuwa ukungu. Lenzi ya f/1.8 ingeingiza mwanga unaokaribia mara kumi ya ule, na shata ingefunga kwa takribani 1/150. Usiniambie habari za kitulizi kilichomo kwenye lenzi: hicho hutuliza mkono wako wewe mpigaji, hakiutulizi mkono wa mama yako. Ila na huko kwenye f/1.8 kuna gharama yake, kwa maana ukiwa karibu hivyo jicho litakuwa kali na sindano itafifia, au kinyume chake. Mimi ningebana hadi f/2.8 na kukubali shata ya polepole kidogo.

Kwa hiyo ninachokuomba ufikirie ni lenzi ya milimita 35 isiyovuta, yaani yenye urefu huo mmoja tu, yenye f/1.8. Kihisi cha kamera yako, kile kipande kinachopokea mwanga, ni kidogo kuliko fremu ya filamu yangu, iliyokuwa milimita 36 kwa 24, hivyo zidisha kila urefu kwa 1.5 ndipo ujue upana utakaouona. Hiyo 35 itakuwa kama 52 hivi, karibu sawa na ile 50 niliyoitumia mimi. Ukitaka nyuso peke yake, 50 kwenye kamera yako itatazama kama 75, nayo inafaa sana. Nyuso usizipige kwa 18 kwa kuwa tu iko mkononi. Pua itaonekana imevimba, ingawa haivimbishwi na kioo. Ni wewe unayelazimika kumsogelea mtu mno ili ajaze fremu, na kutoka umbali huo pua iko karibu nawe zaidi kuliko masikio kwa kiasi kinachoonekana.

Sasa turudi kwenye hiyo 600. Kwa kamera yako itatazama kama 900, na kwa desturi ya wapigaji shata isipungue 1/900 ukiishika mkononi bila kitulizi, ilhali kwenye urefu huo lenzi nyingi za namna hiyo hufunguka f/6.3 tu. Chumbani utapata giza. Ina uzito wa kilo mbili hivi, na nyingi haziwezi kushika fokasi, yaani kutoa picha kali, kwa kitu kilicho chini ya mita mbili kutoka ulipo. Mikono yako unayoipenda yote iko ndani ya mita mbili! Kama ungekuwa mtu wa kuamka alfajiri kuvizia ndege, ningekuwa wa kwanza kukwambia ununue, kwa sababu mwenye kupenda ndege hana njia nyingine, na milimita 300 kwake mara nyingi ni fupi. Lakini wewe hata kuamka ni mimi niliyekuwa nikikuamsha.

Kabla hujatoa fedha, izungushe hiyo 18-55 mpaka 35, ifunge kwa utepe wa gundi isisogee, na upige nayo hivyo kwa wiki nzima. Utaona kama unausumbukia utepe au unausahau. Usiiuze wala kuitupa, mdogo wako ameshaanza kuiulizia.

Ukinunua iliyotumika, hakikisha kwanza kwamba mdomo wake unaingia kwenye kamera yako. Halafu ipitishe tochi upande wa nyuma na utazame kutoka mbele: nyuzi nyembamba kama utando wa buibui ni kuvu, na kuvu ikishachimba kioo haifutiki. Hilo nalijua kwa kioo changu mwenyewe. Ile lenzi yangu ya milimita 300 bado iko kabatini, chini ya pale dari ilipokuwa ikivuja, na wiki iliyopita nilipoitoa nimekuta utando umefunika nusu ya kioo cha ndani. Dari imeshazibwa, na kabati nimelihamishia ukutani penye jua, ingawa mlango wake sasa haufungi vizuri. Nimepiga nayo mikanda minne ya filamu kwa jumla. Mwaka nilioinunua unaukumbuka, na kilichotoka nyumbani mwaka huo unakikumbuka pia, kwa hiyo sina haja ya kuyarudia.

Nijibu kabla hujasaini karatasi za mkopo, hata kama ni kunijibu kwa hasira. Ile picha ya sindano mama yako ameomba isafishwe kwa karatasi kubwa. Nimemwambia ina ukungu, naye amesema haoni ukungu wowote. Sasa hivi amepita akaniuliza naandika nini muda wote huu. Nimemjibu kwamba nakueleza habari za lenzi. Akauliza, "Na ya cherehani umemweleza?" Nimemwambia ndiko ninakoelekea, akacheka, akarudi dirishani na sindano yake.

Ni mimi baba yako.