Zuhura, usiandike kwamba hujui Kiingereza

Mbagala, Dar es Salaam
Jumapili usiku

Shoga yangu Zuhura,

Salaam aleikum. Huku hatujambo. Mama hajambo ila magoti, Rukia kajifungua wa kike, na Bi Hawa bado hataki kusikia habari ya kuhama. Mengine nitakusimulia siku nyingine, maana leo nina jambo moja na nataka nilimalize umeme ungali upo.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Mahakama ya shirikisho ya hapo Houston imekuletea wito wa kukaa kwenye juri, lile kundi la raia wa kawaida wanaosikiliza kesi na kutoa uamuzi, nawe unaniuliza: ukijaza kwenye fomu kwamba Kiingereza hukijui vizuri, watakuacha? Huenda wakakuacha, sharti la lugha lipo. Lakini wewe Zuhura, uliyekuwa ukitusahihishia insha za Kiingereza darasa zima, uweke sahihi yako chini ya uongo huo? Usiandike. Nenda.

Nilitaka niishie hapo, nikashindwa kulala kwa sababu ya yale maneno yako ya mwisho: "Wanaopenda mambo hayo si waende, sisi wengine tuna kazi."

Kesi ya kiwanja cha Chanika unaijua nusu. Nusu ya pili sikukusimulia, ilikuwa inaniuma mno. Kwenye baraza la ardhi mwenyekiti hakai peke yake, anakaa na wazee wa baraza wasiopungua wawili. Wanasikiliza mashahidi, wanauliza maswali, na mwisho wanatoa maoni yao kabla hajaandika hukumu. Si lazima ayafuate, ila akiyakataa inabidi aeleze sababu. Kwenye kesi yetu mmoja wao alikuwa mama wa makamo, muuza vitumbua. Alikuwa akija na vidole bado vina madoa ya mafuta, na daftari lake dogo amelizungushia mpira.

Siku yule bwana anayegombania kiwanja na Mama anatoa ushahidi, akasema ule mnazi wa mpakani kaupanda kwa mkono wake mwaka 2011, mwaka alionunua eneo. Mwenyekiti anaandika, wakili wake katulia. Yule mama akanyanyua kichwa, akamuuliza taratibu, "Baba, madafu ya kwanza uliangua mwaka gani?" Akajibu bila kuwaza, "Elfu mbili na kumi na tatu." Mama akasema ahsante, akaandika. Mimi na Mzee Pazi, shahidi wetu, tukatazamana. Mnazi mrefu wa kwetu, uupande leo, mwaka wa pili uangue madafu? Mwenyekiti hakushtuka, wala wakili. Wamesoma sheria wote wawili, lakini minazi hawaijui. Ukweli wa kesi nzima aliushika muuza vitumbua.

Halafu akaacha kuja. Kesi ikapigwa kalenda mara moja, mara mbili, mara ya tano nikakutana naye sokoni Rangi Tatu. Nikamwambia, mama, tunakusubiri wewe. Akanishika mkono. "Mwanangu, nauli natoa mfukoni, posho miezi inapita sijaiona. Nikija huko, vitumbua nani atavichoma? Na hakuna anayenilazimisha." Sikuwa na la kumjibu. Hakuwa mbaya, Zuhura. Alikuwa ameachiwa hiari peke yake, na hiari haipandi daladala.

Akaletwa mwingine badala yake. Huyo hakumsikia yule bwana akijibu lile swali, wala hakumwona Mzee Pazi alivyosimama akaonyesha kwa mkono mpaka ulipopita. Lakini maoni alitoa. Mama akashinda mwaka 2019, tukapika pilau, nilikutumia picha. Yule bwana akakata rufaa, na 2021 Mahakama Kuu ikabatilisha kila kitu: mzee wa baraza hawezi kutoa maoni juu ya ushahidi ambao hakuusikia. Nilikasirika wiki nzima, kisha nikaona jaji alikuwa sahihi. Ningekuwa upande wa pili ningelalamika hivyo hivyo. Kesi ianze upya. Mzee Pazi akafariki 2022, kabla hajaitwa tena.

Sasa unaponiambia wanaopenda waende, mimi nauliza, ni akina nani hao wanaopenda? Mtu mwenye nafasi na fedha zake. Mtu anayeitafuta ile posho. Na mtu mwenye jicho na kesi ya fulani, huyo hakosi hata siku moja. Wewe hukujipeleka, jina lako limetolewa kwa bahati nasibu. Humjui mshtakiwa, humjui mlalamikaji, hudaiwi na yeyote. Hicho ndicho ningetaka kwa kesi ya Mama: mtu aliyeitwa, akaja kwa sababu lazima aje, na akakaa mpaka mwisho.

Faraji yuko Mlimani mwaka wa tatu, sheria, nikamshika jana anieleze mambo ya huko kwenu. Kanisimulia jambo ambalo sijalitoa kichwani. Jimbo la Louisiana zamani halikuwakataza wanawake kukaa kwenye juri. Liliwafanyia hiari tu: mwanamke hawezi kuitwa mpaka aandike mwenyewe barua kwamba anataka. Unajua ilivyokuwa? Kwenye kesi ya mtu mmoja aliyeitwa Taylor, waliitwa watu 175 ili juri ichaguliwe kutoka kwao, na mwanamke hakuwepo hata mmoja, ilhali wanawake walikuwa asilimia 53 ya wenye sifa. Na aliyelalamika ni huyo Taylor mwenyewe, mwanamume. Mahakama ya Juu ya Marekani ikamkubalia mwaka 1975. Yaani sisi wanawake tulitolewa mahakamani kwa neno zuri kabisa, hiari.

Najua utasema mtu aliyeburutwa atakuja kusinzia. Wapo. Lakini kwa kesi ya jinai mtakuwa kumi na wawili na lazima mkubaliane wote, kwa hiyo akisinzia mmoja, wengine mko macho. Na nakubali nusu ya malalamiko yako: kumlazimisha mtu bila kumlipa ni kumwonea. Yule mama wa vitumbua angelazimishwa kwa hali ile, ningesema ni dhuluma. Lazima na malipo viende pamoja. Nyie mnapewa dola 50 kwa siku. Najua hazifikii mshahara wako wa kulea wazee, ila posho yetu ilikuwa hata haifiki. Tena Faraji anasema sheria inamkataza mwajiri kukufukuza kwa sababu ya juri. Mwonyeshe bosi wako huo wito. Ukipuuza wito ndipo kuna faini, hadi dola 1,000, au hata kulala ndani siku tatu. Kama tarehe imeangukia upasuaji wa Junior, waandikie ukweli, waombe wasogeze. Hilo si kukwepa.

Huku tunaelekea kwingine. Tangu 2022 hata kesi ya mauaji Mahakama Kuu si lazima jaji akae na wazee wa baraza, mpaka aone mwenyewe wanahitajika. Wanasema kesi zitakwenda haraka. Huenda. Mimi namfikiria yule mama na swali lake la madafu, na naona tungemlipa tu vizuri, tukamwambia asikose.

Sasa ombi langu. Tarehe 14 tunarudi barazani. Unakumbuka Idi ile ya 2010 tulipokwenda Chanika na kamera ya marehemu kaka yako? Tulipiga picha chini ya ule mnazi, wewe umevaa dera la kijani, na juu yako kulikuwa na kole zima la madafu. Kama ipo, ndiyo shahidi wetu aliyebaki. Ulizipakia kwenye ile sidii uliyoondoka nayo? Au zilibaki kwa wifi yako Tandika, niende nikamwulize? Tarehe inaonekana pembeni ya picha, au naota? Na wewe unaripoti siku gani? Umeshapata mtu wa kumchukua Junior shule? Fomu hujairudisha, sivyo?

Nijibu hata usiku, simu naiacha wazi.

Wako,
Mwanaidi